Kebini Ndiyo Nyumba: Ushauri kwa Dereva Anayevuka Tunduma kwa Mara ya Kwanza

Maswali yenu yanafanana. Kijana wa Mlowo amepata gari la kwenda Lubumbashi na hajawahi kutoka nje ya nchi. Dada aliyezoea lori la Dar na Mbeya ameahidiwa safari za Zambia, anauliza atalala wapi. Mke wa dereva anauliza mumewe atakula nini mwezi mzima. Na karibu wote huanza na swali moja: barabara ikoje?

Barabara nitaigusa, ila si hiyo itakayokutesa. Kinachomshinda mgeni wa safari za nje ni kusimama. Utasimama kwenye foleni kabla ya Tunduma, utasubiri karatasi Nakonde upande wa Zambia, utasubiri tena Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo, utasubiri kushusha, kisha utasubiri mzigo wa kurudi. Gari linaweza kutembea siku nne na kulala wiki mbili. Siku zote hizo unaishi ndani ya kebini, katika nchi ya watu, kwa fedha uliyotoka nayo nyumbani. Kwa hiyo jiandae kwanza kama mtu anayehama nyumba, halafu ndipo ujiandae kama dereva.

## Kabla hujapokea funguo

Omba mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, kwa hiyo huombi hisani. Pamoja na mshahara, uliza haya, na majibu uyaandike mbele yake:

- Posho ya safari imepigiwa hesabu ya siku ngapi? Siku zikizidi, nyongeza inatumwa kwa njia gani, na baada ya muda gani?
- Faini ya uzito, ya taa au ya karatasi pungufu ni ya nani?
- Gari likiharibika Zambia, nani anatafuta fundi na nani anamlipa?
- Je, unachangiwa NSSF, na mwajiri amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF)?
- Usiku wa manane likitokea la kutokea, ni namba ya nani itapokelewa?

Najua mtakachosema: "Nikiuliza sana, gari atapewa mwingine." Inawezekana. Lakini tajiri anayekasirika kuulizwa posho ukiwa ofisini kwake hatapokea simu yako ukiwa umekwama Serenje, Zambia, bila hata senti. Afadhali umjue sasa, ukiwa bado kwenu.

Swali la uzito lina uzito wake. Kikomo kwa gari na tela lake pamoja na mzigo ni tani 56 Tanzania, na Zambia ni hivyo hivyo, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja. Simama wakati wa kupakia. Usiende kulala ukamwachia utingo.

## Mifuko mitatu ya karatasi

Nunua mifuko mitatu ya plastiki yenye zipu. Wa kwanza ni wako, wa pili ni wa gari, wa tatu ni wa mzigo. Usichanganye karatasi hata siku moja, maana ofisa akikuomba kadi ya gari nawe ukamwaga rundo zima mezani, utaondoka na karatasi pungufu na hutajua imebaki dirisha gani.

Mfuko wako: pasi ya kusafiria, leseni yenye daraja E, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kazi.

Mfuko wa gari: kadi ya kichwa, kadi ya tela, bima, vibali vya usafirishaji, na barua ya mwenye gari inayokutaja kwa jina ulivyoandikwa kwenye pasi.

Mfuko wa mzigo: huu atakuandalia wakala wa forodha. Kazi yako ni kulinganisha. Namba ya lakiri iliyo kwenye karatasi iwe ndiyo iliyo kwenye mlango wa kontena, herufi kwa herufi. Namba ya tela vilevile. Kosa la herufi moja linalorekebishwa Dar kwa simu moja, mpakani litakulaza.

Hapa wageni wengi hujikwaa kwenye kadi za njano, kwa sababu ziko mbili. Moja ni ya mwili wako: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Kongo hawakuachi upite bila hicho. Ukichanjwa mara moja inatosha maisha. Hayo ndiyo masharti ya kimataifa tangu mwaka 2016, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba cheti chako cha zamani kimekwisha muda. Ya pili ni ya gari: Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kulipa watu wengine utakaowadhuru barabarani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki ndani ya mpango huo wa bima, na kadi yake inakubalika Zambia, Malawi na Kongo. Dereva akiulizwa "kadi ya njano" barabarani akatoa cheti cha chanjo, ofisa huona ya bima hana. Weka kila moja kwenye mfuko wake.

Kuhusu viza: kwenda Zambia Mtanzania haihitaji kwa ziara ya kawaida. Kwa Kongo, mwajiri akuthibitishie utaratibu wa wakati huo kabla hujaondoka Dar, na gharama iingie kwenye posho.

Piga picha kila karatasi. Tuma nakala kwa mtu wa nyumbani.

## Kuifanya kebini ikalike

Kitanda cha nyuma ya kiti kinatosha mtu mmoja. Kama mko wawili, kubalianeni mapema: mmoja juu, mwingine kwenye viti na godoro jembamba la kukunja. Chandarua cha pembe nne hakikai vizuri kebini. Kata kipande, ukishonee Velcro ukibandike kwenye dirisha, hapo utalala kioo kikiwa wazi na mbu wakiwa nje. Malaria ya safarini ni mbaya kuliko ya nyumbani kwa sababu utaichelewesha ukidhani ni uchovu.

Chukua vitu hivi, na usiviazime kwa dereva mwenzako:

- Blanketi zito. Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbozi inauma, na ya Mpika inaifuata.
- Madumu mawili ya lita 20, moja la kunywa na kupikia, jingine la kuoga. Yatofautishe kwa rangi ya mfuniko.
- Mtungi mdogo wa gesi na jiko lake la juu, sufuria mbili zinazoingiana, kisu, sahani za bati.
- Taa ya kichwa. Utaihitaji ukibadili tairi na mikono yote miwili ina kazi.
- Beseni, ndoo yenye mfuniko, na kipande cha turubai cha kujisitiri unapooga.
- Unga, mchele, dagaa wakavu, maharage, vitunguu, chumvi, mafuta ya kupikia, majani ya chai.

Chakula kiwe cha matumizi yako tu. Nyama mbichi, mbegu na miche usibebe, mpakani vinachukuliwa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye jiko. Usiwashe mkaa ndani ya kebini kwa ajili ya kuota moto, hata kama umeacha kioo wazi kidogo. Moshi unaouona siyo unaoua. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Mtu hulala akisikia joto tamu na asubuhi wenzake hugonga mlango hauitikiwi. Jiko la gesi nalo litumike nje, chini, upande usio na upepo, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Kama umebeba mafuta au salfa, ambayo ni miongoni mwa mizigo mikubwa ya kwenda migodi ya Zambia na Kongo, usipike karibu na gari lako wala la jirani. Nenda kwa mama lishe. Hiyo elfu mbili au tatu si hasara.

Na chakula cha mgahawani ukizoee mapema. Zambia ugali ni nshima, na utaukuta na kapenta, ambao ni dagaa tu. Lubumbashi utaitwa ule bukari. Tumbo halitapata shida. Shida ni mfuko, kwa hiyo pika mchana mmoja, nunua mwingine.

## Foleni ya Tunduma

Tangu Oktoba 2019, Tunduma na Nakonde zina Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Maana yake, unapokwenda Zambia hugongewi mara mbili katika nchi mbili: maofisa wa pande zote wanakaa pamoja upande wa Nakonde, na unaporudi wanakaa pamoja upande wa Tunduma. Imepunguza usumbufu, lakini foleni haijaisha. Malori ni mengi, na siku mtandao wa forodha ukisumbua au kukiwa na mvutano wowote, mkia hufika Mpemba na kupita. Mwezi Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Zambia iliufunga kabisa mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Waliokuwa na unga na maji kwenye gari ndio waliokula.

Kosa kubwa hapa ni kuwahi mpakani kabla ya karatasi zako. Ukifika Makambako, mpigie wakala: mzigo umeshatangazwa forodha Zambia? Kodi na tozo zimelipwa? Kama bado, pumzika Mbeya au Vwawa, ambako utapata maegesho yenye mlinzi, bafu na chakula cha bei nafuu. Kujazana Tunduma hakumsukumi ofisa.

Ukiwa kwenye foleni:

1. Usilale wote wawili. Mmoja awe macho, hasa kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku.
2. Paki ili upande wa tenki la mafuta uelekee gari la mwenzako, karibu kiasi kwamba mtu haingii na dumu na mpira.
3. Kagua lakiri kila asubuhi na kila jioni, upige picha. Ikionekana imeguswa, toa taarifa polisi na forodha pale pale, usisubiri ufike mbele.
4. Anayekuja dirishani akisema "nipe pasi nikugongee haraka" mkatalie kwa upole. Pasi hugongwa na mwenye pasi akiwa amesimama dirishani.

Lugha haitakusumbua hapa. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka na Nakonde Kiswahili kinasikika kila duka. Ukishapita Isoka, Kibemba ndicho kitakachokufungulia milango: "mulishani" kusalimia, "natotela" kushukuru, na "mukwai" ukiongeza heshima. Polisi wa kizuizini akisalimiwa hivyo huongea na wewe kama mtu.

## Saa, fedha na simu

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na Lubumbashi vilevile. Isitoshe, wao husoma saa kwa kuanzia usiku wa manane. Mtu wa ghala Kitwe akikwambia uje kushusha saa 14, kwenye saa yako ya Tanzania ni saa tisa alasiri. Wapo wanaofika saa nane, wakaudhika bure kwa kusubirishwa. Na wapo wanaosikia "saa nane" ikimaanisha asubuhi, wakaja mchana na kukuta zamu yao imepita. Badili saa ya simu ukishavuka, na kila miadi irudie kwa kutaja asubuhi au mchana.

Fedha ndiko wageni wanakolia. Wabadilishaji wa mkononi wamejaa Tunduma, na wengi ni watu waaminifu, lakini mgeni hawezi kuwatofautisha. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni. Kama huna budi, hesabu mwenyewe, na ukishahesabu bunda lisirudi tena mkononi mwake "aongeze moja iliyopungua." Hapo ndipo noti hukunjwa. Angalia pia noti zenyewe: Zambia ilitoa noti mpya Machi 2025, zikiwemo za kwacha 200 na 500, na mwisho wa noti za zamani ukapangwa kuwa Machi 31, 2026. Usipokee za zamani hata ukipewa kwa bei nzuri. Kongo dola inatumika sana pamoja na faranga, lakini dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa.

Gawa fedha sehemu tatu: ya matumizi mfukoni, ya dharura mahali unapopajua peke yako, na nyingine ibaki kwenye simu yako ya Tanzania ili mtu wa nyumbani akurushie au umtumie. Laini ya Zambia sajili kwa pasi yako mwenyewe. Laini iliyokwishasajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni mtego. Siku ikihusishwa na wizi utaulizwa wewe.

## Barabara kwa ufupi

Kabla hata hujafika mpakani kuna mteremko wa Senjele, Mbozi. Umeua wengi. Ushuke kwa gia nzito tangu juu. Anayeanza kutafuta gia katikati ya mteremko amechelewa.

Kutoka Nakonde utapita Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje na Mkushi mpaka Kapiri Mposhi, barabara ile ile inayotoka Dar iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970. Vipande virefu kati ya Mpika na Serenje havina mji. Jaza maji na mafuta kabla. Kapiri Mposhi ndiyo njia panda: kusini Lusaka, kaskazini Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe na Kasumbalesa.

Polisi wa Zambia huangalia vitu vidogo ambavyo kwetu hujavizoea: pembetatu mbili za kuakisi mwanga, stika nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kizima moto kisichopitwa na muda. Gari likizima, tumia pembetatu. Matawi ya miti hayaonekani usiku. Na mawe uliyoweka chini ya tairi yaondoe kabla hujaondoka, kwa sababu anayekuja nyuma na pikipiki hatayaona.

Zambia ni kushoto kama kwetu. Kongo ni kulia. Usukani wako uko kulia, kwa hiyo ukiwa Kongo hutaona mbele unapotaka kupita gari. Utingo ndiye macho yako. Kama uko peke yako, usipite gari mpaka barabara iwe nyeupe kabisa.

## Lifti na "dili"

Watakuja. Mmoja atakuomba ubebe vijana watatu tu mpaka Lusaka kwa fedha inayozidi posho yako. Mwingine ana magogo ya mukula, mbao ambayo Zambia imeipigia marufuku tena na tena. Mwingine ana begi dogo la kufikishwa kwa shemeji yake Kitwe.

Kataa vyote. Mwezi Juni 2012, hapa kwetu mkoani Dodoma, wahamiaji zaidi ya 40 kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa baada ya kusafirishwa ndani ya lori. Desemba 2022 miili 27 ya watu walioaminika kuwa Waethiopia ilikutwa imetupwa Ngwerere, nje ya Lusaka. Hao walikuwa watoto wa watu, na njia iliyowapitisha ni hii unayotaka kuingia. Ukisikia sauti kwenye tela au ukaona turubai limefungwa tofauti na ulivyofunga, simama mahali penye watu, fungua, na uite polisi. Usiendelee ukidhani utayamaliza mbele.

Kurudi ukiwa na shaba, mdomo uwe mzito zaidi. Mgahawani ukiulizwa umebeba nini, jibu kwamba karatasi anazo tajiri. Tembeeni magari mawili matatu, na kulala iwe mahali penye uzio.

## Afya usiyoiongelea

Kama unatumia ARV au dawa za presha au kisukari, mwambie mhudumu wa kliniki kwamba unasafiri nje, upewe dozi ya miezi mitatu au zaidi. Dawa zikae kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari. Usiziache kwenye dashibodi, jua huziharibu. Kondomu chukua nyumbani, za kutosha. Kama hujapima VVU muda mrefu, pima kabla ya safari, na uliza kuhusu dawa kinga.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu kilichoanza Zambia mwishoni mwa 2023 kilijaza wagonjwa mpaka uwanja wa michezo Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Ukiharisha maji meupe, usiendeshe.

Na usingizi. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa njiani vikatae. Ukianza kupitwa na vibao bila kukumbuka umevisoma, paki.

## "Mimi sina lori, nina Noah"

Wako wanaouliza hivi, hasa vijana wanaoona magari ya wageni yenye vitanda na majiko yakipita Tunduma kutoka Afrika Kusini kwenda Nairobi. Inawezekana kabisa. Unahitaji kadi halisi ya gari kwa jina lako, au barua ya mwenyewe. Kibali cha muda cha kuingiza gari, ambacho hutolewa mpakani. Tozo za barabara na za moshi. Na ile Kadi ya Njano ya COMESA. Toa kiti cha nyuma, weka ubao na godoro, na ushauri wote wa jiko, maji na maegesho unakuhusu. Anza na Nakonde mpaka Mpika, ulale, urudi. Ukiona umeweza, safari ijayo nenda mbali.

## Wa nyumbani

Mshahara upite benki, na sehemu ya matumizi ya nyumbani itoke moja kwa moja. Ukisubiri utume ukiwa njiani, siku ya ada itakukuta mahali pasipo na mtandao. Pangeni siku mbili za wiki za kupigiana simu, na mkubaliane kwamba kimya cha siku moja kati ya Mpika na Serenje si habari mbaya. Kikizidi siku tatu, wa nyumbani ampigie mwajiri kwanza, kisha ubalozi wetu Lusaka kama uko Zambia.

Mwachie kwenye daftari moja: jina kamili la mwajiri, namba ya wakala wa forodha, picha ya pasi, na namba ya gari. Aandike namba ya tela pia, kwa sababu kichwa kikiharibika huletwa kingine, na tela ndilo litakalotafutwa.